Wasps iliishi miaka 155, kisha deni likaizika: klabu yako je?

Mwisho wa Julai 2022 nilikuwa kwa kinyozi mtaani, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, kwa sababu kinyozi alikuwa amezima mashine ili atazame Shujaa. Ilikuwa Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Uingereza, na raga ya wachezaji saba kila upande ilikuwa inachezewa mji wa Coventry, kwenye uwanja mkubwa wa viti zaidi ya 30,000. Jamaa mmoja aliyekuwa anangoja zamu yake akauliza, "Hapa ni kwa nani?" Nikamjibu kama profesa, ilhali chuo mwenyewe niliacha mwaka wa pili: "Hapa ni kwa Wasps, bro. Hiyo ni klabu kubwa. Hao wana kwao."

Miezi mitatu haikuisha. Oktoba 17, 2022, Wasps iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Siku hiyo hiyo watu 167, wachezaji, makocha na wafanyakazi wa ofisini, wakaambiwa kazi imekwisha, kila mtu ajipange. Uwanja ule niliousifia ukauzwa mwezi uliofuata.

Maneno yangu ya kwa kinyozi yamenisumbua tangu siku hiyo. Hao wana kwao. Kumbe hawakuwa na kwao. Walikuwa na nyumba ya mkopo. Leo nataka nikusimulie klabu hii ilitoka wapi na ilifikaje pale, halafu nikwambie kwa nini nimekosa usingizi wiki hii kwa sababu ya timu yetu ya mtaa. Hata kama raga huijui na kwako ni wasee wakubwa wanaogongana tu, soma. Hii ni hadithi ya pesa na ya watu wanaopenda kitu mpaka wanaogopa kukiuliza maswali.

Ndugu wawili wa Hampstead

Wasps ilianzishwa mwaka 1867, kaskazini mwa London. Kulikuwa na klabu iliyoitwa Hampstead, iliyoanza mwaka mmoja kabla. Wanachama wakakosana, wakagawanyika. Upande mmoja ukajiita Wasps, yaani nyigu, kwa sababu siku hizo za Malkia Victoria ilikuwa fasheni kuipa timu jina la mdudu au mnyama. Upande wa pili ukabaki, na mwaka 1870 ukabadilisha jina ukawa Harlequins.

Ndiyo, Harlequins. Kama umewahi kupita Ngong Road siku ya mechi na ukasikia watu wakiimba "Quins", unajua jina hilo lilivuka bahari. Kenya Harlequin, klabu iliyoanzishwa miaka ya 50 na ambayo hucheza pale RFUEA, ilichukua jina la ile ya London. Kwa hivyo ukitaka kuiweka kiukoo, Wasps ni kama baba mdogo wa Quins wetu. Msiba wake si wa majirani, ni wa upande wa familia.

Wasps ilikuwa na kasoro moja tangu utotoni: kupotea njia. Mnamo Januari 26, 1871, klabu 21 zilikutana kwenye mkahawa wa Pall Mall jijini London kuunda chama cha raga cha Uingereza, kile ambacho kipo mpaka leo. Wasps ilikuwa imealikwa. Haikufika. Hadithi ambayo wenyewe wamekuwa wakiisimulia kwa kicheko ni kwamba mjumbe wao alienda mahali pengine kabisa, akaketi, akaanza kunywa, na kufikia wakati wa kugundua kosa lake hakuwa katika hali ya kwenda mkutano wowote. Ukweli wake kamili wanaujua waliokuwepo, lakini orodha ya waanzilishi haina jina la Wasps.

Kwa miaka mingi baada ya hapo walikuwa klabu ya kuhamahama, leo hapa, kesho pale. Mwaka 1923 ndipo walipotulia. Walikodi uwanja Sudbury, magharibi mwa London, na baadaye wakaununua wakawa wenye ardhi. Si uwanja wa kifahari. Ulikuwa nyasi, jukwaa dogo na baa ya klabu, katikati ya nyumba za watu wa kawaida. Lakini ulikuwa wao. Hakuna aliyewadai kodi ya mwezi, na wachezaji wenyewe hawakulipwa kitu. Raga ya chama hicho ilikuwa ya ridhaa: ukifanya kazi benki au hospitali wiki nzima, Jumamosi unavaa jezi, jioni mnakunywa pamoja na wapinzani wenu.

Umaskini huo haukuwazuia kushinda. Msimu wa 1989/90 Wasps ilikuwa bingwa wa Uingereza, wakati Rob Andrew akiwa kiungo wao wa kupiga mateke, kwenye ngazi ya timu ya taifa.

Pesa zilipoingia

Agosti 1995 shirikisho la raga duniani lilitangaza mjini Paris kwamba kuanzia hapo mchezaji anaweza kulipwa. Fikiria mtaa ambao hakuna aliyekuwa na gari, kisha siku moja kila mtu anaambiwa asipokuwa na gari hatahesabiwa. Ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya mwaka kwisha, Andrew alikuwa ameondoka kwenda Newcastle, ambako tajiri Sir John Hall alikuwa ameweka pesa mezani, na wenzake Dean Ryan na Steve Bates wakamfuata.

Wasps ikamkabidhi unahodha kijana wa miaka 23, Lawrence Dallaglio. Wengi walidhani timu imekwisha. Badala yake msimu wa 1996/97, wa kwanza wa ligi ya kulipwa, wakachukua ubingwa. Dallaglio alibaki hapo maisha yake yote ya uchezaji, mpaka 2008. Msee hakuhama hata mara moja. Cha ajabu, ni klabu yenyewe iliyokuwa inahama.

Maana angalia kilichotokea. Ili kulipa mishahara, klabu iligawanywa mara mbili. Kukawa na Wasps ya kulipwa, iliyoingia katika kampuni moja na klabu ya soka ya Queens Park Rangers na kuanza kuchezea Loftus Road mwaka 1996. Na kukawa na Wasps ya ridhaa, ya wale wasee wa Jumamosi. Sudbury, ile nyumba ya tangu 1923, ikaondoka mikononi mwao. Ya ridhaa ikahamia Twyford Avenue, mtaa wa Acton. Weka jina hilo la Twyford Avenue akilini, tutarudi.

Mwaka 2002 klabu ya soka ya Fulham ilihitaji kuchezea Loftus Road, na Wasps ikafungasha tena, mara hii nje ya London kabisa, High Wycombe, uwanja wa Adams Park. Mashabiki walinung'unika, lakini ni vigumu kunung'unika sana timu yako ikishinda, na Wasps ilishinda kama iliyorogwa.

Misimu ya 2002/03, 2003/04, 2004/05 na 2007/08, yote minne, Wasps ilikuwa bingwa wa Uingereza, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo ambapo ilimaliza ikiongoza jedwali. Walikuwa wanamaliza wa pili, kisha wanasubiri fainali pale Twickenham na kumrarua aliyeongoza au yeyote aliyefika. Mwaka 2003 Gloucester, walioongoza ligi, walipigwa 39-3. Kocha alikuwa Warren Gatland kutoka New Zealand, na ulinzi ulikuwa chini ya Shaun Edwards. Walikukimbilia kabla hujapumua.

Kama unataka dakika moja tu ya kuielewa Wasps, itafute fainali ya Kombe la Heineken ya 2004, dhidi ya Toulouse ya Ufaransa. Alama 20-20, muda unayoyoma. Rob Howley, mchezaji wa Wales aliyekuwa na miaka zaidi ya 30, anapiga mpira chini kwa mguu kando ya mstari wa kushoto. Mlinzi wa mwisho wa Toulouse, Clément Poitrenaud, anaufikia, lakini hauchukui. Anasubiri utoke wenyewe. Ni sekunde moja tu ya kusubiri. Howley hakusubiri. Alipita kama mwizi, akauweka mpira chini, na mechi ikaisha 27-20. Wiki iliyofuata wakaifunga Bath 10-6 wakachukua na ligi. Mwaka 2007 wakalichukua tena kombe hilo la Ulaya, 25-9 dhidi ya Leicester, mbele ya watu zaidi ya 80,000.

Hata sisi tumekula matunda ya shule hiyo. Mike Friday, aliyewahi kuvaa jezi ya Wasps, ndiye aliyekuwa kocha wa Shujaa walipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya saba kule Moscow mwaka 2013 na kupoteza 12-5 mbele ya Uingereza.

Ndoto ya kuwa na kwao

Sasa njoo kwenye pesa. Nikisema pesa usiruke aya, hapa ndipo kuna mambo.

Adams Park ilikuwa ndogo, watu kama 10,000, na haikuwa yao. Kila tiketi na kila bia iliyouzwa, kulikuwa na mtu mwingine wa kugawana naye. Wakati huo mishahara ya wachezaji ilikuwa inapanda. Walitaka kujenga uwanja mpya pale Wycombe, baraza la mji likaachana na mpango huo mwaka 2011. Mwaka uliofuata klabu ilikuwa karibu kufa mara mbili kwa wakati mmoja. Uwanjani ilibaki ligi kuu siku ya mwisho ya msimu, ikipoteza kwa Newcastle lakini kwa tofauti ndogo ambayo haikutosha kuishusha. Benki, hali ilikuwa mbaya zaidi, mpaka mwekezaji mpya akapatikana.

Mwaka 2014 ndipo likaja lile wazo. Coventry kulikuwa na uwanja mkubwa, una ukumbi wa maonyesho, una vyumba vya mikutano, hata hoteli. Baraza la mji na shirika moja la hisani waliokuwa wanaumiliki walikuwa tayari kuuza hisa zao. Hesabu ilikuwa tamu: ukiwa na uwanja wako, wikendi unaingiza mashabiki, katikati ya wiki unaingiza mikutano na matamasha, na pesa za maonyesho zinalipa mishahara ya raga. Klabu inajitegemea milele.

Shida ni kwamba Coventry ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Wycombe, na kutoka London ni mbali zaidi. Klabu iliyozaliwa London ikahamishwa mji ambao ulikuwa tayari na klabu yake ya raga tangu 1874. Shabiki aliyekuwa anaenda na mwanawe kila wiki ghafla akawa anahitaji safari ya siku nzima. Nayo Coventry City, timu ya soka ambayo uwanja huo ulijengwa kwa ajili yake, ikajikuta mpangaji wa timu ya raga. Kesi zikafuata kwa miaka, na kuna misimu miwili ambayo Coventry City ilichezea mechi zake za nyumbani Birmingham. Hebu fikiria unalazimika kuondoka mtaani kwenu kwa sababu aliyenunua ploti ni mgeni.

Desemba 2014 Wasps ilicheza mechi yake ya kwanza hapo, dhidi ya London Irish, mbele ya mashabiki zaidi ya 28,000. Walishinda kwa kishindo. Kila aliyepinga alionekana mshamba.

Mwaka 2015 wakaenda soko la hisa la London wakauza bondi za pauni milioni 35. Bondi ni mkopo kutoka kwa umma: wewe unawapa pesa zako, wao wanakulipa riba kila mwaka, na siku ya mwisho wanakurudishia zote. Riba ilikuwa asilimia 6.5. Siku ya mwisho ilikuwa Mei 2022. Dhamana ilikuwa uwanja wenyewe. Mashabiki pia walinunua, kwa sababu ni klabu yao, na nani anaogopa kuikopesha klabu yake?

Piga hesabu nami. Asilimia 6.5 ya milioni 35 ni zaidi ya pauni milioni 2 kila mwaka. Hizo zinatoka timu ikishinda, zinatoka ikishindwa. Zinatoka hata kama hakuna mechi.

Na kweli siku ikafika ambapo hakukuwa na mechi. Mwaka 2020 corona ikafunga viwanja, kumbi na mikutano yote. Lile wazo tamu, kwamba maonyesho yatalipia raga, likageuka: sasa hakukuwa na maonyesho wala raga, riba ikawa inasubiri tu mlangoni. Serikali ilitoa mikopo ya kuokoa klabu, lakini mkopo wa kukuokoa nao ni mkopo. Cha kuuma ni kwamba timu yenyewe ilikuwa moto. Oktoba 2020 walifika fainali ya ligi, wakapoteza 19-13 mbele ya Exeter, Twickenham ikiwa tupu bila shabiki hata mmoja. Ukitazama jedwali, hii ni klabu yenye afya. Mgonjwa alikuwa kwenye vitabu vya hesabu.

Mei 2022 ikafika. Pauni milioni 35 hazikuwepo. Wakatafuta mkopo mpya wa kulipa mkopo wa zamani, wakakosa. Mwezi wa tisa mamlaka ya ushuru ilikuwa inawadai karibu pauni milioni 2. Ona hapo: pesa za riba ya mwaka mmoja tu. Mwezi uliofuata wakajiondoa kwenye mechi dhidi ya Exeter, na siku chache baadaye ikaja ile Oktoba 17.

Uwanja ulinunuliwa na kampuni ya Frasers kwa pauni milioni 17. Hizo hazifiki hata nusu ya bondi. Waliokopesha klabu yao kwa mapenzi wakabaki wanagawana kilichobaki.

Hawakuwa peke yao. Worcester ilikuwa imeanguka mwezi mmoja kabla, na London Irish ikafuata Juni 2023. Klabu tatu za ligi moja, kwa miezi tisa. Wachezaji walitawanyika kama siafu. Jack Willis, mmoja wa waliopoteza kazi siku ile, alienda Toulouse, wale wale waliofungwa na Howley, na huko akachukua ubingwa wa Ufaransa 2023 na wa Ulaya 2024. Kipaji kilipata njia. Lakini mama wa jikoni na kijana wa kukata nyasi, hao hakuna Toulouse inayowapigia simu.

Waliobaki Acton

Sasa rudi kwenye lile jina nililokwambia uliweke akilini.

Twyford Avenue, Acton. Ile Wasps ya ridhaa, iliyoachwa nyuma pesa zilipoingia, bado ipo. Haina bondi. Haina wachezaji wa timu ya taifa. Wasee wanatoka kazini, wanalipa ada yao ya uanachama, wanacheza Jumamosi, wanakunywa. Wale waliochukua makombe yote na majina yote ndio waliokufa. Wale ambao hakuna aliyewaonyesha kwenye televisheni ndio wanaoendelea kubeba jina la 1867.

Sisemi umaskini ni mzuri. Mtu aliyeacha chuo kwa sababu ya karo hawezi kukwambia hivyo. Bila pesa Dallaglio angekuwa na kazi ya ofisi na hiyo trai ya Howley isingekuwepo. Ninachosema ni kwamba klabu ya Acton inatumia kile inachoingiza, na kila mwanachama anajua ni kiasi gani. Ile ya Coventry ilikuwa inatumia kile ilichotumaini kuingiza, na waliojua ukweli wake walikuwa watu wachache ofisini.

Basi nikwambie kwa nini sijalala.

Timu yetu ya mtaa, huku Eastlands, haina mfadhili. Tulikuwa naye, duka moja la vifaa vya ujenzi, akatununulia jezi, kisha biashara ikawa mbaya akatuaga kwa heshima. Hilo si geni Kenya. Januari 2018, SportPesa ilipoondoa ufadhili wake wote wa michezo nchini kwa sababu ya ushuru mpya wa asilimia 35, chama cha raga na klabu kubwa za soka zote zilibaki zikitazamana. Ikiwa wakubwa walitetemeka, sisi ni nani?

Mwenyekiti wetu, mtu ninayemheshimu na aliyenifunza kukaba, amekuja na mpango. Tukope shilingi 600,000 tununue matatu ya abiria 14, ya mtumba. Wikendi inabeba timu, katikati ya wiki inafanya kazi barabarani. Pesa ya matatu inalipa mkopo, ikibaki inanunua mipira na kulipa daktari wa mechi. Klabu inajitegemea milele.

Umesikia hayo maneno mahali? Mimi sikuyasikia mara ya kwanza. Nilipiga makofi. Mimi ndiye niliyetengeneza bango la mkutano, na picha ya matatu yenye rangi zetu nikaichora mwenyewe kwenye simu. Ilikuwa kali.

Mkopo ni wa miaka miwili, 31,000 kila mwezi. Jumla 744,000. Kabla ya hiyo kuna mafuta, dereva, makanga, bima, sako, gereji, na kanjo. Siku ambayo gari liko gereji, 31,000 haiko gereji. Mwezi wa maandamano ambapo hakuna gari linaingia tao, 31,000 inaingia. Na kwa sababu klabu yetu haina kitu isipokuwa kontena moja na jiko la kuchomea nyama, mkopeshaji anataka dhamana. Mwenzetu mmoja, kijana wa skramu, mpole sana nje ya uwanja, amejitolea kuleta hati ya shamba la mamake, Kitui.

Hapo ndipo nilipoacha kupiga makofi. Yule mama hajawahi kuona mechi ya raga. Ikienda mrama, Wasps wa hadithi yetu ni yeye.

Nimemwambia mwenyekiti ninachofikiria, kabla ya kuandika hapa, maana kumwandika mtu gazetini kabla ya kumwambia usoni ni woga. Alinijibu vizuri. Alisema, "Kijana wangu, tukisubiri kuwa na pesa ndio tununue kitu, tutazeeka tukiwa na kontena." Ana haki. Tumepoteza mechi mbili msimu huu kwa kukosa nauli ya ugenini, na hakuna kitu kinauma kama kushindwa bila kucheza.

Kwa hivyo sitaki tu kusema hapana nikae chini. Jumamosi nitapendekeza hivi. Kwanza, vitabu vya klabu visomwe mbele ya kila mwanachama, kilichoingia na kilichotoka mwaka mzima, kwa shilingi. Pili, hati ya mama wa mtu irudi Kitui, iwe tumekubali mkopo au tumekataa. Tatu, tukodi matatu kwa siku za mechi tu, tuchange nauli, na nyama choma ya siku ya mechi iuzwe na klabu badala ya kuachiwa mtu wa nje. Nimepiga hesabu: kwa mwendo huo gari letu linaweza kuchukua miaka mitano. Ni mingi, najua. Nitakuwa nimepita umri wa kucheza pembeni.

Na wewe unayesoma, si lazima uwe wa raga. Una timu, una kwaya, una chama cha Jumapili, una kikundi cha bodaboda. Unakipenda. Mara ya mwisho uliuliza lini kitabu cha hesabu? Ukiuliza utaambiwa huna imani. Mashabiki wa Wasps walikuwa na imani kiasi cha kutoa akiba zao. Wachezaji walikuwa na imani, walikuwa kwenye mazoezi wiki ile ile. Imani haikulipa ushuru.

Fanya na hili lingine, ni rahisi zaidi. Wikendi hii nenda ukaitazame klabu iliyo karibu nawe na ulipe langoni. Iwe Mwamba pale Railway Club, Nakuru, Kakamega au watoto wa mtaa wenu kwenye uwanja wa shule. Usiombe kuingia bure ati unamjua nahodha. Mia mbili yako haina riba.

Sisi mkutano wetu ni Jumamosi saa nane, nyuma ya kontena. Mwenyekiti ameshasema atakuja na vitabu. Nami nitakuja na bango langu la matatu, nililirudishe kwa aliyenipa kazi, kisha tupige kura. Vyovyote itakavyokuwa, Jumapili tuna mechi, na nauli bado haijatimia.